Paka wa ndani tu, au atoke? Tupeane uzoefu

Flati_Section58: Swali la jana, kama paka wa ghorofani afungiwe ndani au aachwe atoke, limenikumbusha haya. Paka anaweza kuishi ghorofani maisha yake yote, kinachoshinda watu ni dirisha na choo. Kichwa chake kikipenya kwenye grili, mwili unafuata. Neti ya mbu anaipasua kwa kucha. Nunua wavu wa kofi-trei (ule wa waya wa kuanikia kahawa), ukate uzidi fremu inchi mbili kila upande, ufunge kwa waya kila baada ya inchi nne. Ukiacha kona moja, hapo ndipo atatokea.

Kondele_Damu: Kweli kabisa. Na balkoni msisahau.

Nyanya_Milimani: Paka ni wa kushika panya, wanangu. Mkimfungia mnalisha pambo.

Agroveti_Njoro: Shikamoo nyanya. Lakini huyo panya amekula nini kabla ya kushikwa? Sumu ya sokoni isiyo na lebo mara nyingi hupiga neva: mate yanamiminika, mboni zinakuwa kama nukta, anatetemeka, anahara, kisha pumzi inakatika. Hapo ni dawa ya atropini kwa daktari wa mifugo, na ni mbio. Ile nyingine ya kuzuia damu kuganda inadanganya. Siku 3 hadi 5 paka yuko sawa, halafu fizi zinapauka, anahema, damu inavujia ndani. Dawa yake ni vitamini K1, wiki kadhaa bila kuruka. Bebeni pakiti ya sumu mkienda, daktari ajue anapigana na nini.

Kondele_Damu: Si unampa maziwa tu?

Agroveti_Njoro: Maziwa hayaui sumu! Paka anayetetemeka ukimnywesha, yanaingia mapafuni. Chumvi ya kumtapisha nayo ni sumu ya pili. Na Panadol msimpe kamwe, hata robo.

Nyanya_Milimani: Marahaba. Basi mwambieni jirani aache kutega sumu, msimfunge paka.

Flati_Section58: Jirani wa ploti gani huyo anayesikia, nyanya?

Mama_Nyalenda: Turudi kwa choo. Paka mmoja, beseni mbili, mchanga uliochekechwa kina cha inchi mbili na nusu. Maganda ya mpunga ya Ahero ni rahisi ila yatasambaa hadi kitandani. Zoa kila siku: vijidudu vya toksoplasma kwenye mavi, vinavyoweza kudhuru mimba, huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Mwenye mimba amwachie mwingine kazi hiyo.

Kondele_Damu: Dume ambaye hajahasiwa? Kochi litanuka mkojo hadi uhame.

Agroveti_Njoro: Miezi 5 ahasiwe. Chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi 3, hata wa ndani, kwa sababu siku moja atachomoka. Omena (dagaa) zichemshwe, mbichi zinamaliza vitamini B1.

Boda_Oginga: Mimi nasema atoke, ila kabla ya chakula cha jioni. Mwenye njaa anarudi, aliyeshiba anaoa.

Mama_Nyalenda: 😂 Na mlango wa mbele? Watoto wakitoka shule wanauacha wazi.

Flati_Section58: Saa tisa na nusu mfungie chumbani na beseni moja. Wakishaingia wote, mfungulie.