Marekani ikiahidi kukulinda, imeandika nini hasa?

Mdadisi ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Kila mjadala wa sera ya nje ya Marekani unaishia pale pale: huyu anasema Marekani huwatelekeza marafiki zake, yule anasema ukishakuwa mshirika wake hakuna wa kukugusa. Yote mawili husemwa bila mtu kufungua mkataba wowote. Mimi nataka ukosoaji unaosimama, kwa hiyo naomba wanaojua wanisaidie haya. Ahadi ya ulinzi imeandikwaje, na inatofautianaje kati ya NATO, Japani, Israeli, Qatar na Kenya? Ndani ya Washington, nani anaweza kuifuta? Na silaha za Kimarekani zikishalipiwa, mnunuzi anazimiliki kweli? Naomba ibara, tarehe na taratibu, siyo mihemko.

---

KitabuWazi amejibu:

Mkuu, anza na Ibara ya 5 ya Mkataba wa Washington wa 4 Aprili 1949, ule ulioanzisha NATO, maana ndiyo inayonukuliwa nusu nusu kuliko zote. Inasema shambulio la silaha dhidi ya mwanachama mmoja litahesabiwa kuwa dhidi ya wote. Wengi huishia hapo, lakini sentensi inaendelea: kila mwanachama atamsaidia aliyeshambuliwa kwa kuchukua hatua ambayo yeye mwenyewe ataona ni ya lazima, ikiwemo kutumia jeshi. Anayepeleka divisheni nzima ametimiza ibara. Anayepeleka mafuta na dawa naye anaweza kudai ametimiza. Ibara ya 11 inaongeza kuwa utekelezaji utafuata taratibu za katiba ya kila nchi. Hiyo haikuwa bahati mbaya: maseneta wa Marekani wa wakati ule hawakukubali mkataba wa kuiingiza nchi vitani bila Kongresi kuwa na kauli.

Ibara ya 6 nayo inachora mipaka ya eneo: Ulaya, Uturuki, Amerika Kaskazini, na visiwa vya Atlantiki vilivyo kaskazini mwa Tropiki ya Kansa. Ndiyo maana vita vya 1982 vya Falkland, visiwa vinavyotawaliwa na Uingereza kusini mwa Atlantiki, havikuihusu, na Hawaii, japo ni jimbo kamili la Marekani, haimo. Ibara ya 5 imetumika mara moja tu, baada ya mashambulio ya 11 Septemba 2001, na aliyesaidiwa alikuwa Marekani.

Ukienda Asia, maandishi yanalegea zaidi. Mikataba na Ufilipino (1951), Korea Kusini (1953) na Japani (1960) haina maneno ya mmoja kwa wote. Inasema kila upande unatambua kuwa shambulio katika eneo husika ni hatari kwa amani na usalama wake, na utachukua hatua kulingana na katiba yake. Mkataba wa Japani unahusu maeneo yaliyo chini ya utawala wa Japani tu. Visiwa vya Senkaku vinaingia, kwa sababu Japani inavitawala. Visiwa vya Kuril inavyovidai lakini vinashikiliwa na Urusi, haviingii.

Chini ya hapo hakuna mkataba wa ulinzi kabisa. Taiwan ina sheria ya Marekani yenyewe ya mwaka 1979, inayozungumzia kuiuzia silaha za kujihami, bila kuahidi kuipigania. Israeli, pamoja na yote unayosikia, haina mkataba wa kulindana na Marekani. Ina hati ya makubaliano ya 2016 yenye dola bilioni 38 kwa miaka ya fedha 2019 hadi 2028: bilioni 33 za kununua silaha na bilioni 5 za ulinzi dhidi ya makombora.

Kenya iliwekwa Juni 2024 kwenye orodha ya washirika wakuu wasio wanachama wa NATO, ya kwanza kusini mwa Sahara. Hadhi hiyo inaipa nafasi ya mbele kupata vifaa vya ziada vya jeshi la Marekani, kushiriki utafiti wa pamoja, na kuwekewa akiba ya silaha za vita. Haina hata sentensi moja ya ulinzi. Rais wa Marekani huitoa na kuiondoa kwa kuiarifu Kongresi siku 30 kabla. Afghanistan ilipewa 2012 ikafutiwa 2022.

Qatar ina hadhi hiyo hiyo tangu 2022. Oktoba 2025 iliongezewa amri ya rais inayosema shambulio dhidi yake litachukuliwa kuwa tishio kwa usalama wa Marekani. Maneno mazito, ila amri ya rais hufutwa kwa sahihi ya rais, yeye au atakayemfuata. Seneti haikuipigia kura.

Kwa hiyo karatasi yoyote ya namna hii isome ukitafuta majibu ya haya: Je, Seneti iliipitisha kwa theluthi mbili? Eneo linaishia wapi? Nani anaamua aina ya msaada? Inavunjwa kwa notisi ya muda gani? Ukikosa jibu la la kwanza, mengine hayana uzito mkubwa.

---

Nahodha amejibu:

Ndugu KitabuWazi kaeleza vizuri, ila ukikomea kwenye maandishi utakosa nusu ya jambo. Kinachomzuia adui Korea Kusini si ibara, ni askari wapatao 28,500 wa Marekani walioko pale. Adui akivuka mpaka, Wamarekani watakufa tangu siku ya kwanza, na hakuna rais atakayekaa kimya.

Lakini hapo hapo ndipo ukosoaji mzito ulipo, na huwa haugusiwi. Askari hukaa mahali kwa malengo ya Washington, na mwenyeji hubeba hatari ya malengo hayo. Chukua Qatar tena. Al Udeid ndiyo kambi kubwa kuliko zote za Marekani Mashariki ya Kati. Juni 2025 Marekani ilishambulia vinu vya nyuklia vya Iran, na siku iliyofuata Iran ikalipiza kwa makombora dhidi ya Al Udeid. Qatar haikuanzisha vita ile wala haikuulizwa. Septemba mwaka huo huo Israeli ikapiga Doha kwa ndege, na kambi ile haikuzuia chochote. Katika miezi mitatu mwenyeji kapigwa na adui wa Marekani kisha na rafiki wa Marekani. Ile amri ya Oktoba ilikuja baada ya madhara.

Okinawa nayo iangaliwe. Mkoa huo ni takribani asilimia 0.6 ya ardhi yote ya Japani, lakini unabeba karibu asilimia 70 ya eneo linalotumiwa na vikosi vya Marekani peke yao. Makubaliano ya hadhi ya majeshi yanasema kosa alilotenda askari akiwa kazini linahukumiwa kwanza na Marekani. Na cheti cha kuwa alikuwa kazini hutolewa na upande wake mwenyewe. Mwananchi wa kawaida anakutana na muungano kwenye kipengele hicho, si kwenye Ibara ya 5.

Kuhusu nani anaweza kufuta: mikataba hii huvunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Rais Jimmy Carter aliuvunja ule wa Taiwan, uliotangulia ile sheria ya 1979, bila kura ya Seneti, na kesi ya seneta Goldwater dhidi ya Carter mwaka 1979 ikatupwa bila Mahakama Kuu kuamua kama rais ana mamlaka hayo. Swali lile bado halijajibiwa. Ndiyo maana Desemba 2023 Kongresi ilipitisha kifungu kinachomkataza rais kujitoa NATO bila theluthi mbili ya Seneti au sheria ya Kongresi. Ni kizuizi cha maana, lakini kinazuia kutoka tu. Hakimlazimishi rais kupeleka hata boti moja.

---

GhalaLaSilaha amejibu:

Nijibu la silaha. Mauzo ya serikali kwa serikali huenda hivi: nchi inaandika barua ya maombi, Wizara ya Mambo ya Nje inaamua kisera, Pentagoni, yaani Wizara ya Ulinzi, inaandaa bei na masharti, Kongresi inaarifiwa mauzo yakipita viwango vya kisheria, kisha mnunuzi anasaini hati ya ofa na kukubali. Juu ya bei kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3.2.

Viwango vya kuiarifu Kongresi kwa nchi nyingi ni dola milioni 14 kwa zana kubwa za kivita na milioni 50 kwa vifaa na huduma nyingine za kijeshi. Muda wa kusubiri ni siku 30. Kwa NATO, Japani, Korea Kusini, Australia, New Zealand na Israeli viwango ni milioni 25 na milioni 100, na muda ni siku 15. Kongresi inaweza kupinga kwa azimio la mabunge yote mawili, lakini tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1983 azimio hilo lazima liende kwa rais, naye anaweza kulikataa kwa kura ya turufu. Kulibatilisha katazo lake kunahitaji theluthi mbili kila upande. Mwaka 1986 maseneta walikosa kura moja kuzuia makombora ya Saudi Arabia. Mwaka 2019 Trump alitangaza dharura ili kuruka muda wa kusubiri kwenye silaha za takribani dola bilioni 8 za Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Jordan, akakataa maazimio matatu, na Seneti ikashindwa kumpiku. Hakuna hata mauzo moja yaliyowahi kuzuiwa kwa njia hii mpaka mwisho. Anayesema "Kongresi itawadhibiti" aonyeshe mfano.

Sasa umiliki. Ukisaini ile hati, unakubali kutompa mtu wa tatu chombo hicho bila idhini ya maandishi ya Marekani, kuruhusu ukaguzi, na kwamba Marekani inaweza kusitisha ikiona maslahi yake ya taifa yanadai hivyo. Denmark na Uholanzi zilinunua ndege za kivita za F-16 kwa fedha zao, na bado zilisubiri idhini ya Washington mwaka 2023 kabla ya kuzipeleka Ukraine. Uturuki ilikuwa mshirika wa kutengeneza ndege za kivita za F-35, ikatolewa kwenye mradi Julai 2019 kwa kununua mfumo wa Kirusi wa kutungulia ndege wa S-400.

Kamba iliyo fupi kuliko zote ni matengenezo. Jeshi la anga la Afghanistan lilikuwa likirushwa kwa helikopta za Kirusi za Mi-17 ambazo mafundi wake walizijua, likahamishiwa helikopta za Kimarekani za Black Hawk ambazo karibu matengenezo yake yote yalishikwa na wakandarasi. Makubaliano ya Doha ya 29 Februari 2020 kati ya Marekani na Taliban, ambayo serikali ya Kabul haikuwa sehemu yake, yaliahidi kuondoa ndani ya miezi 14 wanajeshi, na pia wakandarasi, wakufunzi na washauri. Mafundi walipoondoka 2021, ndege zikaanza kukaa chini kwa kukosa huduma, na vituo vya mbali vikakosa chakula, risasi na wa kubeba majeruhi. Watu huwalaumu askari wa Kiafghani kwa woga. Wengi wao waliachwa kwenye vituo ambavyo hakuna ndege ingefika, na kuwabebesha wao lawama yote ni dhuluma.

---

Mizani amejibu:

Naongeza la sheria za haki za binadamu, maana hapa Marekani inakosolewa kwa sheria zake yenyewe. Sheria ya Leahy inakataza msaada kwa kikosi cha nchi ya nje kukiwa na taarifa za kuaminika kwamba kimetenda ukiukaji mkubwa, kama mateso au mauaji nje ya mahakama. Udhaifu wake ni huu: inapima kikosi kimoja kimoja, kwa hiyo fedha zinapogawiwa kwa jeshi zima ni vigumu kujua risasi ipi imeenda wapi. Tena haigusi silaha ambazo mnunuzi kalipa kwa fedha zake.

Kuna pia kifungu cha kukata msaada pale serikali iliyochaguliwa inapopinduliwa na jeshi. Misri ilipopinduliwa Julai 2013, Washington iliamua kutoamua kama yalikuwa mapinduzi, na kwa kuwa kifungu huanza kufanya kazi baada ya tamko, hakikuanza. Niger ilipopinduliwa 26 Julai 2023, tamko lilichukua mpaka Oktoba. Wakati huo wote Marekani ilikuwa na kituo cha droni Agadez kilichogharimu takribani dola milioni 110. Na mwisho wake watawala wa kijeshi ndio walioifukuza, 2024.

Na vikwazo vya dola huwapiga hata washirika. Marekani ilipojitoa Mei 2018 kwenye makubaliano ya nyuklia ya Iran, kampuni za Ulaya zilikuwa hazijavunja sheria yoyote ya nchi zao. Total, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, ikaacha mradi wa gesi wa South Pars nchini Iran hata hivyo, kwa kuogopa kufungiwa mlango wa benki za Marekani. Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zikaanzisha INSTEX, chombo cha kulipana na Iran, Januari 2019 ili kukwepa dola. Muamala wa kwanza ulikamilika Machi 2020, wa vifaa vya tiba, na chombo kikafungwa 2023. Mataifa matatu yenye uchumi mkubwa, wanachama wa NATO, yalishindwa kulinda biashara halali dhidi ya mshirika wao.

---

Mdadisi:

Asanteni sana, hasa hili la wakandarasi, sikuwahi kuliona likielezwa hivi. Swali la mwisho: nchi ndogo inayoingia makubaliano ya kambi au silaha, ipiganie kipengele gani kabla ya kusaini?

---

KitabuWazi amejibu:

Kwa silaha, ipiganie matengenezo ya ngazi ya karakana yafanyike nchini kwa mafundi wake, na akiba ya vipuri ilipwe na kupokelewa pamoja na ndege, siyo kuagizwa baadaye. Ikikataliwa hayo, inunue chombo rahisi zaidi inachoweza kukitunza.

Kwa kambi, kipengele cha kwanza ni kwamba hakuna shambulio dhidi ya nchi ya tatu litakaloanzia pale bila idhini ya maandishi kwa kila operesheni. Idhini ya jumla haitoshi. Cha pili, mahakama za mwenyeji ziwe na haki ya kupinga kile cheti cha "alikuwa kazini". Na idhini yenyewe iwekwe mikononi mwa bunge, si waziri. Katiba ya Uturuki inadai kura ya bunge kabla ya askari wa kigeni kuingia. Tarehe 1 Machi 2003 Marekani iliomba kupitisha makumi ya maelfu ya askari kuelekea Iraq, ikiwa na ahadi ya mabilioni ya dola. Kura za ndiyo zilikuwa 264, za hapana 250, na 19 hawakuegemea upande. Kwa kuwa ilitakiwa zaidi ya nusu ya wabunge waliohudhuria, ombi lilianguka kwa pungufu ya kura tatu, na divisheni iliyokuwa ikisubiri kwenye meli ikalazimika kuzungukia Kuwait.