Ofa ya kubadilishana mchezaji inaitwaje RAMBIRAMBI? Nimechoka na huyu mtu

Wakuu, habari za usiku. Zangu si nzuri.

Kuna mtu humu. Simtaji. Mliomo kwenye ligi yetu ya fantasi ya NBA (ule mchezo wa simu, kila mtu anajipangia timu ya wachezaji halisi wa kikapu cha Marekani na tunabadilishana) mnamjua, yule anayetuma ofa kama machinga wa soksi stendi, ukikataa anakufuata hadi mlangoni mwa basi.

Saa nane usiku simu inalia. Anamtaka Joel Embiid wangu, yule jitu wa Philadelphia 76ers (Sixers) mwenye goti bovu. Anatoa nini? Mlinzi wa akiba ambaye muda wake uwanjani hautoshi hata maji ya ugali kuchemka. Na juu ya ofa kaandika: "Pokea hii rambirambi, ndugu mfiwa."

RAMBIRAMBI!

Mke wangu ndiye aliyeiona kwanza. Kaniuliza kwa sauti ya kutetemeka, nani kafariki? Nikamjibu, goti. Hakuelewa. Nimetoka kunawa uso, narudi nakuta kashafunga khanga kiunoni na mama mkwe yuko hewani analia.

Huyu anayeliliwa ni MVP, yaani mchezaji bora wa NBA, wa 2023, wastani wa pointi 33.1. Januari 2024 aliwafunga San Antonio pointi 70 usiku mmoja, rekodi ya Sixers. Haya, wiki moja baadaye jamaa wa timu ya Golden State akamwangukia gotini, na msimu wa 2024/25 kacheza mechi 19 tu. Najua! Goti limefunguliwa na mafundi kama boneti ya daladala. Lakini ligi yetu unabaki na mchezaji msimu hadi msimu, siuzi wiki hii tu. Hata ng'ombe anayechechemea mnadani Pugu anaulizwa bei kwanza, hakuna anayempa mwenye ng'ombe pole.

Miaka yote naamka usiku wa manane, bando langu, macho yangu. Leo naitwa mfiwa.

Kijiti cha Moto: Pole sana. Mazishi lini, tujipange na usafiri?

Binti Ribaundi: Punguza jazba mkuu. Kawhi Leonard naye aliumia, msimu wa 2017/18 alicheza mechi 9, watu wakamzika. Toronto wakamtoa nyota wao DeRozan kumchukua, 2019 wakabeba ubingwa. Bei ya majeruhi inategemea nani ana njaa, na kwa ulivyoandika, mwenye njaa ni wewe.

Mleta uzi: Mimi sijakataa biashara. Angesema "nipe huyo mgonjwa wako" tungeongea. Nimekataa RAMBIRAMBI.

Kijiti cha Moto: Umeweka daftari la michango lakini?

Fundi Bao: Mleta uzi analia vibaya ila ana hoja. Kule kwenye ligi yenyewe ukimchukua Embiid unabeba na mshahara wake, 2024 aliongezewa miaka mitatu kwa takriban dola milioni 193. Huko ndiko watu wanamkimbia. Fantasi yenu haina mshahara, unabeba goti tu. Kwa hiyo kwenu ana bei kuliko kule kwao. Dai mtu anayeanza, siyo wa akiba.

Mjomba wa Dallas: Mnalilia goti moja? Sisi huku Februari 2025 tulimtoa nyota wetu Luka Dončić, kijana wa miaka 25, tukaletewa Anthony Davis. Mechi ya kwanza kapiga pointi 26 na ribaundi 16, nikasema sawa, tutaishi. Robo ya tatu kashika nyonga, kaingia ndani, tumemwona tena mwezi na ushee baadaye. Jezi nilikuwa nimeinunua asubuhi ile ile.

Kijiti cha Moto: Wanakurudishia hela ya jezi au na wewe unasubiri rambirambi?

Yatima wa Zion: 24, 61, 0, 29, 70, 30. Siyo namba ya wakala, ni mechi alizocheza Zion Williamson msimu kwa msimu tangu aingie NBA hadi 2024/25, majeraha kila mara. Ile 70 ndiyo iliniponza, nikakataa ofa tatu nzuri. Nyie hamjafiwa bado, mmeuguliwa tu.

Mleta uzi: Mnahama mada. Mtu kaandika neno RAMBIRAMBI saa nane usiku!

Binti Ribaundi: Kwani ile ofa umeshaikataa?

Mleta uzi: Bado. Naiangalia.

Kijiti cha Moto: 🤣🤣🤣 Mfiwa anahesabu michango.

Dokta Mizizi: Wakuu nina mafuta ya magoti kutoka Tanga, wazee wanakimbia. Njooni PM.

Mjomba wa Dallas: Nyonga yanatibu?

Dokta Mizizi: Nyonga, kiuno, hata ganzi ya vidole.

Mleta uzi: Chupa bei gani? Mama mkwe ameshapanda basi kuja msibani na magoti yake mabovu.

Dokta Mizizi: Elfu kumi na tano, usafiri juu yako.

Yatima wa Zion: Mbagala hayo hayo elfu nane, tena chupa kubwa.

Dokta Mizizi: Hayo ya Mbagala ni mawese ndugu yangu.