Kutoamini Mungu: ni kukana, kutojua au kutojali?

Mdadisi_Pwani

Wakuu, naomba ufafanuzi. Humu mtu akisema haamini Mungu huitwa mara mpagani, mara kafiri, mara mkanamungu, mara "msomi aliyepotea". Maswali yangu ni mawili. Kutoamini maana yake nini hasa: ni kusema "najua Mungu hayupo", au ni kusema "sijashawishika"? Na ni kitu gani kinachomtoa mtu kwenye imani? Wengi hujibu haraka kwamba ni elimu, wengine kwamba ni hasira au kutafuta uhuru wa kutenda dhambi. Mwenye kujua utafiti unasemaje atusaidie. Mahubiri na matusi tuyaache nje ya uzi huu.

Fundi_Maneno

Nianze na maneno, maana nusu ya ugomvi wa humu unatoka hapo.

"Kukana" ni kukataa kitu au mtu unayemjua. Petro alimkana Yesu, mtuhumiwa hukana shtaka, mwanamume hukana mimba. Ukimwita mtu mkanamungu umeshaamua kwamba anajua Mungu yupo ila anamkataa. Ndiyo maana wengi wanaoitwa hivyo hawalipendi neno hilo, husema tu "siamini".

"Kuamini" nako kuna mtego. Neno hilo ni la ukoo mmoja na amana na uaminifu. Ukisema "simwamini jirani yangu" hakuna atakayeelewa kwamba jirani hayupo. Ataelewa kwamba humkopeshi. Vivyo hivyo "simwamini Mungu" na "siamini kwamba Mungu yupo" ni kauli mbili. Ya kwanza inaweza kusemwa na mtu aliyefiwa, mwenye hasira, ambaye bado anaona kuna wa kulaumiwa huko juu. Ya pili tu ndiyo inayohusu mada yako. Kile kiambishi "-mw-" kimemkalisha Mungu ndani ya sentensi kabla mjadala haujaanza.

Mengine kwa kifupi. Mpagani, kwa matumizi ya Bara, ni asiye Mkristo wala Mwislamu, hata kama anatambika kila mwaka. Na anayetambika ana imani, tena imara. Kafiri ni yeyote asiyeukubali Uislamu, kwa hiyo padri naye anaingia. Murtadi ni aliyetoka kwenye Uislamu, hata kama amehamia kanisani. Lililo karibu zaidi na swali lako ni mulhidi, yaani asiyeamini kwamba Mungu yupo.

Sasa jibu lenyewe. Mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew alipendekeza mwaka 1972 tutenganishe aina mbili. Wapo wasioamini "hasi", ambao hawana imani hiyo kwa kuwa hawajashawishika, na wapo "chanya", wanaodai kabisa kwamba Mungu hayupo. Anayedai hayupo ana mzigo wa kuthibitisha kama alivyo nao anayedai yupo. Asiyeshawishika hana mzigo huo. Kosa la kila siku humu ni mtu kuanza mjadala akiwa hasi, akipandwa na jazba anageuka chanya bila kugundua, halafu anakataa kuleta hoja.

Neno agnostiki (anayesema hajui kama Mungu yupo) lilibuniwa na mwanabiolojia Mwingereza Thomas Huxley mwaka 1869, na linahusu kujua. Kujua na kuamini ni mizani mbili tofauti, kwa hiyo mtu anaweza kusema "sijui, na siamini" bila kujipinga.

Kwa wapenda historia: Wakristo wa kwanza waliitwa wasioamini miungu na Warumi, kwa sababu walikataa kutoa sadaka kwa miungu ya dola. Neno hili tangu zamani limekuwa likielekezwa kwa jirani asiyeabudu kama wewe.

Saikolojia_Kidogo

Swali la pili. Mwaka 2013 wanasaikolojia Ara Norenzayan na Will Gervais walieleza njia nne za kufika kwenye kutoamini. Nazipanga kwa uzito wake, siyo kwa mpangilio wao.

Iliyo nzito kuliko zote ni kutoona vitendo. Mtafiti wa utamaduni Joseph Henrich alieleza mwaka 2009 kwamba mtoto hashawishiki na maneno ya mkubwa peke yake, maana maneno hayana gharama. Anachotazama ni kama mkubwa analipa gharama ya anachokisema: anafunga huku ana njaa, anatoa zaka huku hela ni ya shida, anaamka alfajiri wakati wa baridi. Watoto wengi shuleni husoma habari za Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, na hakuna hata mmoja anayemwogopa. Hawajamwona mtu anayemheshimu akimchinjia Zeus ng'ombe. Nyumba ambayo baba anamwambia mtoto "nenda kasali" na yeye anabaki kwenye mpira inafundisha jambo lilelile.

Ya pili ni kutojali. Watafiti wa siasa na jamii Pippa Norris na Ronald Inglehart walitetea mwaka 2004 kwamba maisha yakiwa na usalama (matibabu ya uhakika, pensheni, vifo vichache vya watoto), hamu ya dini hupungua kizazi baada ya kizazi. Angalia Denmark na Sweden. Mtu wa namna hii hajawahi kubishana na Mungu. Swali lenyewe halimjii.

Ya tatu ni kufikiri kwa uchambuzi, ambayo watu humu ndiyo wanayoiita elimu. Hapa tahadhari. Mwaka 2012 Gervais na Norenzayan walichapisha jaribio lililodai kwamba hata kutazama picha ya sanamu ya mtu anayefikiri, kazi ya mchongaji Mfaransa Rodin, hupunguza imani. Likasambaa sana. Mwaka 2017 watafiti wengine walilirudia kwa watu wengi zaidi, matokeo hayakuonekana, na Gervais mwenyewe akakubali kwamba jaribio lile lilikuwa dhaifu. Mwaka 2021 yeye na wenzake walipima njia zote kwa pamoja nchini Marekani: vitendo vya wakubwa wakati wa utoto vilitabiri imani kwa nguvu kuliko vyote, uchambuzi ukawa na nguvu ndogo, na kwa waliolelewa katika nyumba zenye vitendo vingi haukufanya tofauti ya maana.

Ya nne inahusu watu ambao akili zao haziwarahisishii kuhisi mawazo na nia za wengine, hivyo Mungu mwenye nia huwa mgumu kwao kumpata picha. Ushahidi wake ni hafifu.

Na msichanganye kuacha dhehebu na kuacha Mungu. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilipochambua Wamarekani wasio na dini (asilimia 28 ya watu wazima mwaka 2023), asilimia 17 tu kati yao walijiita wasioamini Mungu, 20 agnostiki, na 63 walisema hawana dini yoyote maalumu.

Punje_ya_Haradali

Mimi ni muumini na nakubali sehemu kubwa ya hayo, ila hoja zisidharauliwe. Zaburi 14 inaanza "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu," na wahubiri wengi huishia hapo, kana kwamba kunukuu aya ni kujibu swali. Qurani nayo, 45:24, inawataja wanaosema hakuna kinachotuangamiza ila dahari (kupita kwa wakati), kwa hiyo wazo hili si uvumbuzi wa intaneti.

Hoja inayowatoa watu kweli ni ya uovu. Mwanafalsafa J. L. Mackie aliipanga mwaka 1955: Mungu ni mwema kabisa, ana uwezo wote, na uovu upo, mambo hayo matatu hayakai pamoja. Mwanafalsafa mwenzake Alvin Plantinga alijibu kwa hoja ya hiari ya binadamu (uhuru wa kuchagua mema au mabaya), na wanafalsafa wengi wanaona jibu lake liliondoa ule mgongano wa kimantiki. Ila hiari haimfikii mtoto anayekufa kwa malaria. Mwalimu wa dini anayemjibu kijana swali hilo kwa "usimhoji Mungu" amemfundisha kwamba hakuna jibu. Ayubu alihoji sura nzima nzima.

Na ile ya "anataka tu kutenda dhambi", jamani, tuiache. Wanaotenda dhambi huku wanaamini tunawajua wote.

Mdadisi_Pwani

Nashukuru sana. La mwisho: kisheria mtu wa namna hii anasimama wapi Tanzania na Kenya? Kiapo, ndoa, sensa?

Sheria_na_Kanuni

Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mawazo na imani, pamoja na kubadili dini. Ya Kenya ya 2010 ni ibara ya 32, na inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake. Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa.

Kiapo: nchi zote mbili zinaruhusu kuthibitisha badala ya kuapa kwa Mungu. Tanzania mashahidi Waislamu huthibitisha kila siku, kwa hiyo karani hatashangaa. Mwambie kabla hujapanda kizimbani. Ukishika Biblia kwanza ndipo ukatae, wakili wa upande wa pili atakushikia hapo.

Ndoa: ya bomani kwa Tanzania (Sheria ya Ndoa, 1971), ya kiserikali kwa Kenya (Sheria ya Ndoa, 2014). Zote zinadai notisi ya siku 21. Wengi hupeleka notisi wiki moja kabla ya sherehe, halafu wanalaumu ofisi.

Mirathi ndiyo yenye miiba. Kenya, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko (ibara ya 170). Aliyetoka kwenye Uislamu alitamke hilo mwanzoni mwa shauri. Akisubiri hadi hukumu imeuma, itaonekana ni ujanja wa kugombea shamba.

Sensa: Kenya 2019 iliwaweka pamoja wasio na dini na wasioamini Mungu, jumla 755,750, kama asilimia 1.6. Ukisoma alichoeleza Fundi_Maneno utaona kwa nini namba hiyo haituambii wasioamini ni wangapi. Tanzania haijauliza dini kwenye sensa tangu 1967.