Re: Re: Nimepigwa DQ na idara ya sheriff kwa ajili ya rekodi ya leseni

Kijana wa Sac:
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Samahani naingia na shida moja kwa moja. Nimeomba kazi ya uaskari na nimepata barua ya DQ, yaani wameniondoa kwenye maombi, kutoka idara moja ya sheriff huku California, sitaitaja, barua yenyewe mistari minne tu, wanasema baada ya kupitia PHS yangu, ile fomu ndefu ya historia binafsi, na rekodi yangu ya udereva hawataendelea na mimi kwa sasa. Basi. Mtihani wa maandishi nilipita, mbio nilipita, kuruka ukuta nilipita, wale watatu wa usaili walinipa mkono wakicheka. Rekodi yangu ni hivi: tiketi mbili za spidi, moja ya kushika simu kwenye usukani, na ajali moja ambayo si kosa langu, niligongwa kwa nyuma nimesimama kwenye taa. Halafu kuna FTA, yaani kutofika mahakamani, hiyo nimeiona juzi tu kwenye H-6, ile printi ya rekodi ya udereva ya DMV, ofisi ya leseni, ni ya ile tiketi ya simu, kumbe taarifa ya mahakama ilikwenda anwani ya zamani. Na wakati nahama nilijaza AR-11, fomu ya kubadili anwani, siku hiyo hiyo kwa hiyo sielewi kabisa. Swali langu ni moja: hii DQ inakatiwa rufaa au naanza upya kwingine? Na kama ni rufaa naandika kwa nani, kwa yule mpelelezi aliyechunguza historia yangu au kwa HR ya kaunti?

Mama Nia:
Marahaba mwanangu, pole sana. Lakini AR-11 ni ya Uhamiaji!! USCIS na DMV hawapeani anwani. DMV unawaambia mwenyewe, fomu yao ni DMV 14 au unafanya mtandaoni, na zote mbili muda ni siku 10 tangu uhame ndo maana watu wanazichanganya. Na hata ukiwaambia wote wawili, mahakama nayo ina faili lake, tiketi ikishaandikwa barua zinafuata ile anwani iliyoandikwa kwenye tiketi.

Mimi niko 911, napokea simu za dharura, si askari, fomu yangu ya PHS ilikuwa 2-255 ninyi yenu ni 2-251 lakini maswali karibu yaleyale. Mpelelezi alinikalisha, mbele yake printi ya DMV kaigeuza isisomeke upande wangu, kashika penseli. Ananiuliza tiketi moja moja, nikitaja yeye anaweka alama. Mwisho akauliza "na nyingine?" Nikamwambia kuna moja ya Nevada, tulikuwa tunatoka kwenye harusi, mume wangu kalala mimi nimeshika usukani. Akaweka alama ya mwisho akafunga faili. Yaani alikuwa nayo muda wote, anasubiri tu aone kama nitaisema. Kazi nikapata, na hizo tiketi zangu hazikuwa chache. Sasa hiyo FTA uliandika kwenye PHS au hukuandika? Maana hapo ndipo penye kesi, si kwenye spidi.

Mzee Trela:
Vijana wa siku hizi mnaendesha kama mnafukuzwa na deni. Tiketi mbili za spidi hizo ni pointi nne tayari na pointi nne kwa mwaka leseni inasimamishwa, mshukuru Mungu bado unaendesha. Sisi wa CDL, leseni ya malori, tiketi moja tu inakufuata kila kampuni unayokwenda, kuna kitu kinaitwa PSP, kampuni inaona ajali zako za miaka 5 na ukaguzi wa barabarani wa miaka 3, taa ya trela haiwaki wewe hujui imekufa saa ngapi, ukasimamishwa mizani, imeandikwa. Na shule ya trafiki haikufichi, sheria ya shirikisho imekataza kabisa kumfichia mtu wa CDL. Mwenye gari dogo anakaa mtandaoni Jumamosi moja anajibu maswali, mambo yamekwisha. Kuna kampuni moja ilinirudisha getini kwa sababu ya onyo la matairi, onyo, hata si tiketi, na nilikuwa nimeendesha usiku kucha kuwafikia. Sitaitaja nisije nikashtakiwa.

Mwalimu K:
Mzee kwa heshima zote, spidi ya kawaida ni pointi MOJA. Pointi mbili ni makosa mazito, DUI yaani kuendesha umelewa, kugonga na kukimbia, kuendesha ovyo, au kupita maili 100 kwa saa. Na hesabu ya kusimamishwa ni pointi 4 ndani ya miezi 12, au 6 ndani ya 24, au 8 ndani ya 36. Tiketi ya simu mara ya kwanza haina pointi kabisa, inaanza kuwa na pointi ukirudia ndani ya miezi 36, hiyo ni tangu Julai 2021. Kwa hiyo kijana ana pointi mbili, tena kama hakwenda shule ya trafiki. Tusimtishe bure.

Ila pointi si hoja yao. PHS haiulizi una pointi ngapi, inauliza tiketi ulizopewa miaka saba iliyopita ukiacha za kuegesha. Ulizopewa. Watu wengi wanadhani wakienda shule ya trafiki ile tiketi imekufa, hapana, imefichwa kwa watu wa bima lakini swali la kwenye fomu liko palepale, ulipewa au hukupewa. Mpelelezi anaweka karatasi yako pembeni ya rekodi, akikuta tofauti hakuandiki dereva mbaya, anakuandika mwongo, na uongo kwenye fomu ile ndio unaoua kuliko maili 20 za ziada. Askari kesho atasimama kizimbani aape, wakili wa upande wa pili akipata karatasi kwamba huyu bwana alidanganya kwenye fomu ya kuomba kazi, kesi nzima inayumba.

Na msiseme wanaonea watu. Askari anaendesha gari la serikali saa nane za zamu, king'ora kinalia, anavuka taa nyekundu, akigonga mtu kaunti ndiyo inalipa. Ajali za barabarani ni miongoni mwa vitu vinavyoua askari wengi wakiwa kazini, pamoja na risasi. Akademi kuna kozi nzima ya kuendesha, EVOC, watu wanaanguka pale.

Texas Mswahili:
Huku kwetu pointi hakuna, zilifutwa Septemba 2019, lakini msifurahi mkahamia. TCOLE, wanaotoa leseni za uaskari huku, wana ukuta wao: kosa la daraja B ukitiwa hatiani ni miaka 10 huwezi kupewa leseni ya uaskari, na DWI, ndiyo DUI ya huku, ya kwanza tu ni daraja B. Juu ya daraja B ndo usahau maisha. Jamaa mmoja tunasali naye, mtu mpole, alikunywa siku moja tu ya sherehe, sasa hivi anahesabu miaka kama mfungwa.

Mama Nia:
Kaka kijana kasema California. Na hajasema pombe.

Texas Mswahili:
Nimechangia uzoefu, dada. Kama hamtaki uzoefu wa majimbo mengine basi mbadilishe jina la kundi.

Mwalimu K:
Tusigombane. Huku California DUI inakaa kwenye rekodi miaka 10. Sheria ya jimbo inayomfungia mtu moja kwa moja ni ya makosa makubwa, felony, lakini idara ndizo zinaangalia DUI na kuamua, na nyingi hazitaki hata kusikia. Hata wakili akikupunguzia ikawa kuendesha ovyo na si ulevi, bado ni pointi mbili na bado mpelelezi atasoma ripoti ya polisi ya usiku ule, neno kwa neno, ulipepesuka vipi na ulisema nini.

Kijana wa Sac:
Asanteni. FTA sikuandika kwa sababu sikuijua, tiketi yenyewe niliandika, tarehe na mtaa. Ajali niliandika pia na jina la bima. Sasa rufaa naandika kwa nani?

Dada wa Minneapolis:
Samahani nachomekea swali langu hapohapo maana linafanana. Mimi N-400, fomu ya kuomba uraia, naijaza wiki hii, nina tiketi za spidi, je niziandike? Rafiki yangu kaniambia za trafiki hazihesabiki.

Mwalimu K:
Dada unaziandika. Swali linasema umewahi kukamatwa, kupewa tiketi au kushikiliwa. Kinachosamehewa ni kuambatisha karatasi, kama hukukamatwa na adhabu ilikuwa faini chini ya dola 500 au pointi tu, na haikuwa mambo ya pombe wala dawa. Kuandika na kuambatisha ni vitu viwili. Na aliyenaswa na DUI mara mbili ndani ya kile kipindi cha miaka 5 cha kuangaliwa tabia ajue tangu 2019 wanaanza kwa kudhani hana tabia njema, yeye ndiye athibitishe vinginevyo, na ni kazi ngumu.

Kaka wa Bay:
Kwani uaskari si lazima uwe raia? Kijana una makaratasi?

Mwalimu K:
California si lazima tena, kuna sheria ya jimbo SB 960, tangu Januari 2023. Ukiwa na ruhusa halali ya kufanya kazi sheria ya jimbo haikufungi. Umri ni 21.

Kaka wa Bay:
Sawa, lakini majimbo mengine bado uraia. Na hapo ndipo sisi Watanzania tunapoumia. Mkenya tangu Katiba ya 2010 anachukua uraia wa huku, anabaki na wa kwao, anavaa beji, anarudi likizo na pasipoti mbili mfukoni. Mimi nikiapa huku nyumbani nakuwa mgeni, napanga foleni ya wageni uwanja wa ndege, naulizwa umekuja kufanya nini, kwenye nchi niliyozaliwa! Kila mwaka tunaambiwa suala linafanyiwa kazi. Pesa tunazotuma hazina uraia?

Mama Nia:
Hapo umesema kaka. Mimi nilipoapa nilitabasamu kwenye picha, nimefika kwenye gari nikalia mpaka mume wangu akashindwa kuwasha injini.

Bin Pwani:
Mimi swali langu ni jingine kabisa, kwa nini mtoto wetu anataka kuwa polisi wa nchi hii? Tunawaona kwenye taarifa ya habari kila siku. Mimi nikiona taa nyuma yangu mikono inatetemeka, naweka juu ya usukani kama nimeambiwa, na sina kosa lolote. Kule nyumbani trafiki akikusimamisha mnaongea, mnataniana, unajua mtu huyu ana watoto na yeye anajua una haraka.

Mzee Trela:
Mnataniana! Sema ukweli wote Bin Pwani, mlikuwa mnapeana mkono na mkono una kitu. Ndo maana huko hakuna rekodi ya mtu yeyote, ukitafuta rekodi yangu ya udereva ya miaka ishirini hupati hata mstari mmoja na mimi najijua.

Texas Mswahili:
Na wakikuuliza kwenye poligrafu, ile mashine ya kupima uongo, kuhusu huo mkono? Nauliza tu, maana wanauliza mambo tangu utotoni.

Kijana wa Sac:
Mjomba Bin Pwani, nataka kazi yenye pensheni na bima ya mama, na mtaa wetu hakuna askari hata mmoja anayejua kusema karibu. Tafadhali mwenye kujua kuhusu rufaa. Na nikiomba idara nyingine, hii DQ wataiona?

Mama Nia:
Wataiona kwa sababu utaiandika mwenyewe, PHS inauliza idara zote ulizowahi kuomba na matokeo yake, na mpelelezi mpya atampigia yule wa zamani. Usifiche. Kwanza nenda mahakamani kamalize hiyo FTA, chukua karatasi yenye mhuri kwamba imefungwa, halafu rudi ofisi ya leseni ukachukue H-6 mpya uone kama imebadilika. Usichukue ile ya kwenye tovuti, mpelelezi anataka H-6, ya miaka 10, unaenda dirishani mwenyewe.

Msimamizi:
Wakuu, mambo ya uraia pacha yana uzi wake, yahamishieni kule. Na Bin Pwani, siasa za polisi tulishakubaliana haziingii humu baada ya yale ya mwaka jana.

Bin Pwani:
Hiyo siyo siasa, hiyo ni mikono yangu inayotetemeka. Lakini haya, nimenyamaza.

Kaka wa Bay:
Uzi wa uraia pacha uliufunga wewe mwenyewe Msimamizi, tangu mwezi wa tatu.

Mzee Trela:
Kijana, kama unakwenda ofisi ya leseni Ijumaa nipitie asubuhi, na mimi nina cheti cha daktari cha CDL nataka kukiulizia kabla hakijaisha. Ila utaendesha wewe, na usipite 65.