Nikikoleza aya moja katika Word, waraka mzima unakolea

Mama Steshenari (Moshi)
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninachapa kazi za watu katika duka karibu na soko la Mbuyuni. Mteja wangu mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, amerudishiwa na msimamizi wake ripoti ya utafiti yenye kurasa 94, akitakiwa apunguze vichwa vyote vya sura kutoka saizi 16 hadi 14 na alinganishe yaliyomo na kurasa zake. Vichwa hivyo nilivikoleza (bold) kimoja kimoja, na yaliyomo niliyapanga kwa nukta nilizozibonyeza kwa mkono hadi ukingoni. Jana nilijaribu kutumia mitindo (styles), yaani maumbo ya maandishi yaliyopangwa tayari ndani ya Word, lakini kila nikikoleza aya moja, waraka mzima unakolea. Je, nianze upya?

Fundi wa Kaloleni (Arusha)
Pole na kazi, mama, ila usianze upya. Inaelekea mtindo unaobeba aya zako zote za kawaida umewekewa tiki kwenye "Automatically update", kwa hiyo kila unachoifanyia aya moja Word inakichukua kuwa ni agizo kwa mtindo mzima. Bofya jina la mtindo huo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Modify", kisha uiondoe tiki hiyo.

Baada ya hapo weka kasa (kile kimstari kinachomwekamweka unapochapa) kwenye kichwa cha sura na ubonyeze Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja ili kipate mtindo wa "Heading 1". Vichwa vidogo utavipa 2. Kichwa kikigoma kufuata, kiteue chote ubonyeze Ctrl na kitufe cha nafasi, kwani rangi na saizi ulizoweka kwa mkono huufunika mtindo. Saizi 14 utaiweka mara moja tu, ndani ya mtindo wenyewe. Zile nukta zifute zote, uiachie programu itengeneze yaliyomo, na kila kurasa zinaposogea ubofye humo na kubonyeza F9.

Mwalimu Mstaafu
Fundi amesema kweli, ingawa hakuna haja ya kuvifuata vichwa kimoja kimoja. Teua kimoja, kisha chini ya "Select" uchague kuteua maandishi yote yenye umbo kama hilo, ndipo uyape mtindo kwa pamoja. Kichwa ulichokikosea kikawa na saizi 15 kitaachwa nyuma, kwa hiyo pitisha macho.

Mama Steshenari (Moshi)
Shikamoo, mwalimu, na fundi, ahsante. Vichwa vimekaa sawa, isipokuwa "SURA YA NNE" na "MATOKEO YA UTAFITI" vinatokea kwenye yaliyomo kama vitu viwili, kila kimoja na namba yake ya ukurasa.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Ulibonyeza Enter katikati yake, na Word ikahesabu aya mbili. Ifute Enter hiyo, ubonyeze Shift na Enter kwa pamoja, halafu F9 tena.