Jeni ya yurati oksidesi: njia ya ini la nguruwe inafaa kwa sokwe?

Mwalimu_Ujiji
Wanajukwaa, habari za kazi. Ninafundisha Baiolojia kidato cha sita hapa Kigoma. Tulikuwa tukieleza jinsi jeni ya kimeng'enya inavyonakiliwa: RNA mjumbe hutolewa kwenye ini, hugeuzwa kuwa DNA, kisha hupandikizwa kwenye plasmidi (kipande cha DNA cha duara) na kuzalishwa ndani ya bakteria. Mfano wangu ulikuwa yurati oksidesi, ambayo katika ini la nguruwe, panya na nyani huvunja asidi ya yuriki ili hatimaye iwe alantoini. Mwanafunzi mmoja akauliza kama njia hiyohiyo ingefaa kwa sokwe wa Gombe, wanaoishi msitu mmoja na nyani. Naomba ufafanuzi.

Fundi_Maabara
Mwalimu, kwa sokwe njia hiyo haifai. Jeni anayo, lakini ni mfu, kama ilivyo kwa binadamu. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba viumbe hawa wawili wana kasoro tatu zilezile: alama za kukomesha usomaji kwenye kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja) ya 33 na ya 187, pamoja na hitilafu mahali introni, yaani kipande cha jeni kisichotumika kuunda protini, inapokatwa. Kwenye ya 33 ni herufi moja tu iliyobadilika, CGA ya arjinini ikawa TGA, na protini ambayo kwa nguruwe ina asidi amino 304 ikakatizwa ikiwa imefika kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo anayetaka kuisoma jeni hiyo aanze na DNA ya kiini cha seli, yenye introni na eksoni (vipande vinavyobaki baada ya introni kukatwa) zote, badala ya RNA ya ini. Wala si lazima kumsumbua sokwe yeyote, kwa kuwa mifuatano ya herufi hizo ipo bure katika GenBank, hifadhidata ya DNA mtandaoni. Wanafunzi waipakue na kuipanga kodoni kwa kodoni.

Dada_Tabora
Naunga mkono, ila msiishie kwenye asilimia ya kufanana, maana hiyo huficha jambo lenyewe. Kati ya kasoro hizo tatu, orangutani ana ile ya kodoni ya 33. Giboni, ambaye kama orangutani ni jamaa wa sokwe kutoka Asia, hana hata moja. Yeye amepoteza herufi 13, na kwa kuwa 13 haigawanyiki kwa tatu, usomaji wote unaofuata umevurugika. Hiyo ni dalili kwamba kimeng'enya kilipotea mara mbili, katika koo mbili tofauti.

Mwalimu_Ujiji
Nashukuru sana. Je, jongo (maumivu ya viungo yanayoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini) linatokana na hilo?

Fundi_Maabara
Kwa sehemu, ndiyo. Tusio na kimeng'enya hicho tunategemea zaidi figo kuitoa asidi ya yuriki, na dagaa wa Ziwa Tanganyika ni jamii moja na sadini, samaki wenye purini nyingi, ambazo ndizo chanzo cha asidi hiyo. Waonyesheni wanafunzi pia peglotikase, dawa ya jongo sugu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010: jeni yake ni ya nguruwe iliyounganishwa na kipande cha nyani, na huzalishwa ndani ya bakteria, kama ulivyowafundisha.