Soda, bia, mbege na kisukari: wagonjwa na mnaouguza, tupeane uzoefu

Mama Eli
Wapendwa, jana nilikuwa kwenye kipaimara Kiboriloni. Kreti zimepita, mama mmoja tunayekutana kliniki ya sukari akachukua soda ya machungwa: "Bora hii kuliko bia." Nikamkumbuka marehemu mjomba wangu. Pombe aliacha kabisa, ila soda dukani kwake Mbuyuni ilikuwa kila mchana, mpaka akakatwa kidole cha mguu. Desemba hiyo inakuja, ndugu wote wanapanda nyumbani. Mnafanyaje?

Kijana wa Sakina
Soma nyuma ya chupa. Kola ina karibu gramu 10 na nusu za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya 350 ni vijiko vya chai tisa hivi. Nani anaweka vijiko tisa kwenye kikombe?

Meku wa Uru
Ndiyo maana mimi ni mbege tu. Gome la msesewe linalotiwa humo ni chungu, linakata sukari.

Nesi Mstaafu
Meku, shikamoo. Hapo hapana. Mbege ni ndizi mbivu na ulezi. Msesewe unaleta uchungu mdomoni, sukari ya ndizi hauiondoi.

Meku wa Uru
Marahaba. Babu yangu aliinywa mpaka uzeeni kabisa.

Kijana wa Sakina
Babu yako alishuka shambani na kupanda na mkungu kichwani. Wewe kilabuni unaenda na bodaboda.

Dada wa Marangu
Mnaongelea sukari kupanda tu. Mimi nimeona sukari kushuka, na sitasahau.

Kaka yangu anachoma insulini. Krismasi tumechinja, yeye kakaa na binamu zake tangu mchana, bia kisha Konyagi, nyama anadonoa, ndizi hakugusa. Jioni kachoma sindano kama kawaida, akalala. Saa tisa usiku wifi anagonga milango. Shuka limelowa jasho chapachapa, kaka anaongea vitu visivyoeleweka, anamsukuma mkewe. Binamu wakasema kalewa huyo, mwacheni alale. Wifi akagoma. Akanipa simu nimmulikie, akamtoboa kidole, mikono inamtetemeka mpaka kijiti cha kwanza cha kupimia sukari kikaanguka chini ya kitanda. Cha pili kikasoma 2.1, chini mno.

Kumeza alikuwa bado anaweza. Tukamkalisha, soda nusu chupa, funda kwa funda. Baada ya dakika 15, 3.4. Tukarudia. Ilipofika 5 akauliza mbona tumejaa chumbani kwake! Ndipo tukampa uji.

Daktari alitueleza kesho yake: usiku usipokula, ini ndilo linaloachia sukari kwenye damu. Likishughulika na pombe, kazi hiyo inazorota, na insulini inaendelea kushusha. Jamani, mgonjwa wa sukari akionekana kalewa, mpimeni!

Baba Happy
Wifi huyo mpeni mbuzi mzima.

Fundi Njiro
Sasa soda inaua au inaponya? Mnatuchanganya.

Nesi Mstaafu
Sukari ikiwa chini ya 4 na mtu anameza, soda ya kawaida kama mililita 150, kisha upime tena baada ya dakika 15. Ile ya "zero" haimsaidii hapo, haina sukari. Akizimia usimmiminie chochote mdomoni, kitaingia mapafuni. Kimbizeni hospitali.

Kijana wa Sakina
Basi siku ya kunywa aruke sindano, yaishe.

Nesi Mstaafu
Usifundishe watu hivyo! Dozi haibadilishwi kienyeji, aulize kliniki kwake kabla ya sikukuu. Akinywa, ale chakula cha kushiba na apime kabla ya kulala. Na wanaomeza glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, nao sukari inawashuka kupita kiasi, msidhani ni wa sindano peke yao.

Meku wa Uru
Mimi nameza hiyo. Kata moja ya mbege na kiburu, ndizi na maharage, je?

Nesi Mstaafu
Meku, njoo kwanza na daftari lako la vipimo tuone.

Mama Eli
Dada wa Marangu, vijiti wifi ananunua wapi?

Dada wa Marangu
Duka la dawa, karibu na stendi. Angalia tarehe kwenye kopo kabla hujalipa, waliwahi kumpa vilivyopitwa.